Mkono Ndani ya Kanga

Walisema sitamaliza mwezi mjini. Walisema mtoto aliyekulia pwani ya Bwejuu, anayelala pembeni mwa marundo ya kamba, hawezi kukaa darasa moja na watoto wa Jang'ombe. Atalia mpaka arudishwe. Nilipomaliza skuli wakasema kazi sitapata. Nilipopata safari ya Muscat wakasema nitarudi na begi la nguo chafu, na walionichangia nauli wahesabu wameitupa baharini. Jirani yetu mmoja aliyasema hayo mbele yangu, huku anatafuna haluwa ya dua yangu ya safari.

Leo nina stashahada ya mitambo ya baridi, niliyoisomea jioni baada ya kutwa nzima ya kazi kwenye jua la ugenini. Nimeitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika mahali ambapo kila anayeingia ofisini kwangu anaiona kabla hajaniona mimi. Nina mafundi sita na gari mbili. Ukilala hoteli yoyote nzuri, kuanzia Nungwi mpaka Bwejuu, ukasikia chumba kimetulia na ubaridi hauna kelele, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kazi ya mikono yangu. Sikurithi kitu. Nayasema haya wazi kwa sababu yatakayofuata hayana fahari hata kidogo, na ningependa msomaji wa rika langu ajue kwanza kwamba anayezungumza naye ni mtu aliyeweza.

Miezi michache iliyopita niliitwa kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Meneja, kijana ambaye si mtu wa kisiwani, alinipandisha ghorofani akaniomba nitafute namna ya kuzuia hewa ya nje isiingie vyumbani. Wageni walikuwa wanalalamika.

"Asubuhi maji yakitoka kunaingia harufu," alisema. "Kama mayai yaliyooza. Fundi, hii harufu ya nini?"

Nilisogea dirishani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na kule kwenye tope wanawake watatu walikuwa wameinama wanafukua makumbi. Asiyejua, makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi. Huku kwetu wanawake huyafukia kwenye tope la bahari, wakayazungushia mawe yasichukuliwe na maji, wakayaacha miezi mpaka yaoze. Kisha huyafukua, wakayapiga kwa rungu mpaka nyuzi zibaki peke yake, wakazisuuza, wakazianika na kuzisokota kamba. Harufu yake siku ya kufukua inafika mbali. Mimi harufu ile ningeijua hata nikiwa nimelala. Mama yangu alikuwa nayo kwenye vidole kabla sijazaliwa.

"Sijui," nilimjibu meneja.

Nikaziba alipotaka nizibe, nikaondoka. Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ndipo nilipogundua kwamba naendesha gari kwa mkono mmoja. Mwengine nilikuwa nimeuweka puani.

Mama yangu ni Bi Kazija. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, nikabaki mimi, mama na dada yangu Mwanaisha. Mama alitulisha kwa makumbi. Mikono yake ilikuwa migumu na myeusi kwenye mikunjo, na kucha zake zilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana. Tukiumwa aliiweka mikono ile juu ya paji la uso, na harufu yake tuliijua kama watoto wengine wanavyoijua harufu ya mto wao wa kulalia. Kwangu harufu ile ilikuwa na maana moja tu, kwamba mama yupo.

Nilipotimia miaka minane, Ami Haji, kaka yake baba, alikuja kunichukua nikasome mjini. Siku hiyo mama alinishika uso kwa mikono miwili, akaniambia, "Ukasome, usinitie aibu." Nikaenda nalo neno hilo mpaka Jang'ombe, na huko nikaja kulielewa kinyumenyume.

Ami alikuwa mtu mwema asiyesema sana. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa msafi kupita kiasi. Sakafu yake ungeweza kula juu yake. Mtoto wao Nassor alinizidi mwaka mmoja, naye ndiye aliyenifundisha mji. Mama alikuwa akija kila baada ya wiki mbili au tatu. Anapeleka kamba kwa mfanyabiashara wake Darajani, akishauza anapita kuniona, anakunywa kikombe cha chai, anaondoka kabla ya alasiri. Mara za mwanzo nilikuwa nikimsikia tu sauti yake barazani, naruka. Naushika mkono wake, naubusu, nauweka shavuni, sitaki kuuachia.

Siku moja baada ya mama kuondoka, Nassor alisimama mlangoni akaziba pua.

"We, nenda kanawe uso," aliniambia. "Unanuka makumbi."

Watoto wa jirani walikuwapo. Walicheka mpaka mmoja akajilaza chini. Tangu siku hiyo jina langu pale mtaani likawa Makumbi. Nikipita wanaita, "Makumbi, njoo tucheze!" na kwa bahati mbaya nilikuwa napenda sana kucheza, kwa hiyo nilikuwa naitika.

Nassor hakuwa mbaya moyoni. Aliponiona nalia nyuma ya choo alinifundisha dawa. "Mtu akikupa mkono wenye kitu," alisema, "unaushika hivi, halafu unaugeuza kidogo tu, wako unakuwa juu. Ukiinama unabusu kidole gumba chako mwenyewe. Mimi ndivyo ninavyomfanyia babu mwenye ugoro." Tulifanya mazoezi jioni nzima, yeye akiwa babu, mimi mjukuu. Nilikuwa mwepesi wa kujifunza. Mpaka leo ni mwepesi wa kujifunza.

Mama alipokuja tena nilikuwa tayari. "Shikamoo, mama," nikasema, nikaushika mkono, nikaugeuza, nikabusu kidole gumba changu. Nikainua uso. Mama alikuwa ananitazama, anatabasamu. "Marahaba, mwanangu." Nikaona mambo yamepita vizuri, na nisiseme uongo, nilijisifu moyoni. Nilifanya vile mara tatu, labda nne. Watoto walikuwapo wakiangalia kwa siri, na mama hajui kitu. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Halafu akaja siku moja amevaa kanga mpya, nikanyoosha mkono kumwamkia, naye akauvuta mkono wake ndani ya kanga. Ulipotoka ulikuwa umefunikwa na pindo lote, mpaka ncha za vidole. Nikaubusu kwa juu ya kitambaa. Kilikuwa kinanukia marashi mawaridi.

Hapa lazima nieleze kitu. Nyumbani kwa Ami nilikuwa nimeshauona mkono wa namna ile. Mgeni mwanamume akija kumpa mkono wa Idi, Bi Zuwena hakumpa wake mtupu. Aliuvuta ndani ya nguo, wakapeana salamu juu ya kitambaa. Niliwahi kumuuliza kwa nini.

"Yule si maharimu wangu," alinijibu. "Si mwanangu, si ndugu yangu, si mume wangu. Mtu baki humpi mkono mtupu."

Basi mimi nikiwa na miaka minane na kitu, nimesimama barazani na midomo yangu juu ya kitambaa, nikaelewa kila kitu. Nilikuwa nimetolewa. Nimepewa Ami, na kwa mama sasa nimekuwa mtu baki. Hata yale marashi yalinithibitishia. Mama nyumbani hajitii marashi; marashi ni ya kwendea kwa watu. Kwa hiyo na mimi nimeshakuwa watu.

Sikumuuliza. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mbele ya juzuu, kwa sauti ndogo.

"Maalim, mama wa mtu anaweza kuwa si maharimu wake?"

"Mama ni maharimu wako mpaka kiama," alisema. "Nani kakufundisha ujinga huo? Soma."

Mtu mwengine jibu hilo lingemponya. Mimi lilinimaliza. Kama dini haijanitenga naye, basi ameamua mwenyewe.

Toka hapo nikawa mtoto wa adabu. Mama akija namwamkia, nabusu kitambaa, nakaa mbali kidogo na mikono mapajani. Anauliza masomo, najibu. Akiniambia njoo Bwejuu likizo, nasema nina masomo ya ziada, na kweli nilikuwa nayo, kwa sababu niliyaomba. Nilikuwa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo. Watu walisema, "Mtoto yule ana bidii." Hawakujua kwamba nilikuwa namkomoa mtu.

Muscat nilikaa miaka mingi kuliko nilivyopanga. Nilipiga simu kila Ijumaa, dakika tatu.

"Hela imefika?"

"Imefika, mwanangu. Umekula?"

"Nshakula."

Basi. Nilimpelekea friji kubwa kuliko mlango wa nyumba, ikabidi wavunje ukuta. Niliporudi nilimjengea nyumba ya matofali na kumtilia kiyoyozi katika kila chumba. Nikamkataza kazi ya makumbi. Niliwaambia watu ni kwa sababu ya mgongo wake. Mgongo wake ulikuwa mzima.

Na nyumbani kwangu nikawa baba wa namna ileile. Binti yangu Rahma, ana miaka saba, nikirudi kazini hukimbia mpaka getini amenyoosha mikono yote miwili. Mimi namkamata mkono mmoja, nautikisa, nampitia. Mke wangu Salma aliniambia siku moja, "Mtoto anataka kubebwa, wewe unampa mkono kama waziri anafungua daraja." Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Baada ya ile siku ya hoteli sikutulia. Jumapili iliyofuata nikawapakia Salma na Rahma, tukaenda Bwejuu. Dada yangu Mwanaisha alikuwa jikoni anakuna nazi. Mama alikuwa sebuleni amejifunika shuka, kiyoyozi kinavuma juu ya kichwa chake.

Nikamwamkia. Mkono ukaingia ndani ya kanga, ukatoka umefunikwa. Nikabusu kitambaa, kama kawaida. Rahma akaja nyuma yangu kumwamkia bibi yake. Mama alimpa mkono mtupu, akamvuta, akambusu shingoni mpaka akapiga kelele. Ndipo mtoto akasema, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima:

"Bibi, mbona baba umempa mkono wa nguo?"

Huko jikoni mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Baridi, mjukuu wangu," alisema mama. "Si babako kaileta baridi humu ndani?"

Salma akacheka, mimi nikatoka kwenda jikoni nikijifanya nataka maji. Mwanaisha alinitazama, akarudi kwenye nazi yake.

"Dada," nikasema, "mama kwa nini ananifunikia mkono?"

"Unaniuliza leo?"

"Nakuuliza leo."

Aliweka kifuu chini. "Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unabusu mkono wako mwenyewe," alisema. "Ati unamdanganya mama. Siku ya kwanza tu alirudi hapa akaniambia, mdomo wa mwanangu haujanigusa. Mtu hajui mdomo wa mwanawe?"

"Akajaribu kila kitu," Mwanaisha akaendelea. "Ndimu, majivu, mchanga, mpaka ngozi ikachubuka. Makumbi hayatoki, yameingia ndani. Ndipo akaona afunike. Akasema, mwanangu yuko na wenziwe mjini, hana raha, nisimtie aibu. Akishauza kamba kitu cha kwanza kununua ni kile kichupa cha marashi, kabla ya mchele. Analitia pindo. Ili ukiubusu ukute kinachonukia."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ungeuliza! Wewe unauliza mtu kitu? Ukija hapa unatuelezea kompresa."

Mimi ndiye niliyemjibu meneja kwamba sijui. Niliyemhukumu mama kwa kunitenga, na mwenye kugeuza mkono alikuwa mimi. Nilihesabu moyoni miaka aliyoubeba mkono wake ndani ya nguo kwa ajili ya aibu yangu, wala hakuwahi kunilaumu. Na harufu yenyewe haikuwepo tena. Mikono yake sasa ilinuka sabuni tu. Kama ningeingia sebuleni nikaifunua ile kanga na kuubusu mkono ule safi, ningekuwa nimebusu kitu gani? Mkono ambao hata Nassor angeubusu.

Kulikuwa na jambo jengine nililoliahirisha. Nauli yangu ya Muscat ilichangwa na watu wengi, na niliporudi niliwalipa karibu wote, nikihakikisha yule jirani wa haluwa anaona. Waliobaki walikuwa watatu, wenzake mama wa makumbi, ambao waliuza kamba zao za msimu mzima kwa ajili yangu. Hao sikuwahi kuwaendea. Kila nilipotaka kwenda nilipata kazi Nungwi. Ukweli ni kwamba sikutaka kusimama pale walipo.

Maji makubwa yaliyofuata, asubuhi yalipokupwa mbali, nilimfuata mama Bwejuu nikamwambia, "Nipeleke kwa wenzio."

"Wako pwani, wanafukua," alisema. "Utaharibu viatu."

Nikavivua viatu nikaviacha kizingitini. Alivitazama, akachukua kanga yake, akatangulia.

Wanawake wale watatu walikuwa wamesimama kwenye tope mpaka magotini. Aliyetuona kwanza ni Bi Sihaba, mdomo wake unajulikana kijiji kizima. Ndiye aliyeninyonyesha mama alipougua baada ya kunizaa, kwa hiyo kwa dini na yeye ni mama yangu.

"Jamani, tajiri kaja!" aliita. "Fukieni upesi, msije mkamzimisha kwa harufu!"

"Kaja kulipa," alisema mama.

"Kulipa nini? Sisi tulishamtolea sadaka huyu."

Wakacheka wote. Nilipiga hatua, tope likanimeza mguu, wakacheka zaidi. Nikawafikia. Wale wawili nikawapa bahasha zao. Walizipokea kwa mikono iliyofunikwa kanga, kama inavyotakiwa, nikawaomba radhi kwa kuchelewa, wakaniombea dua. Ya Bi Sihaba nikaitia kwenye kapu lake. Kisha nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

Alitazama mikono yake, imejaa tope jeusi mpaka viwikoni. Akageuza akanipa kifundo cha mkono, kama wanavyofanya watu wakiwa na mikono michafu. Nikakipita kifundo nikaushika mkono wenyewe, nikauinamia. Ulikuwa wa baridi, wa chumvi, na ile harufu ikanijaa kichwa kizima. Nilimwona baba. Niliona mkeka wetu wa zamani.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Sihaba polepole. Halafu akamgeukia mama. "Kazija, mwanao hadaiwi na mtu tena. Mchukue."

Mama alikuwa amesimama pembeni muda wote huo. Aliikaza kanga yake kiunoni, akaingia kwenye tope, akainama juu ya shimo la Bi Sihaba na kuzamisha mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia mgongo wako, nikajizuia. Akachomoa kumbi lililooza, akalitupa juu ya rundo, akachomoa la pili. Kisha akasimama wima, akanigeukia, tope linamtiririka vidoleni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kanga. Nikauona unakwenda, na nikajua kwamba akiufunika sitakuwa na haki ya kusema neno. Ulifika kwenye kitambaa, ukasita. Ukarudi. Akanipa ulivyo.

Niliushika kwa mikono miwili. Sikuugeuza. Nilipoinua uso alikuwa ananitazama vilevile kama alivyonitazama barazani Jang'ombe, anatabasamu.

"Leo umebusu wa nani?" aliniuliza.

"Wako," nikasema, na tope liko mdomoni.